Barua ya wazi kwa mnaosimamia bahari: joto hamliwezi peke yenu, bomba la maji taka mnaliweza

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kwenu nyote mnaohusika, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi hapa Zanzibar, watu wa mazingira, mabaraza ya miji na manispaa, mnaosimamia maji safi na maji taka, na wenzenu wa bara wa uvuvi na hifadhi za bahari, kwasababu bahari haijui ofisi ipi inaishia wapi na ipi inaanzia wapi. Mimi nimesomea sayansi ya bahari na kazi yangu ni kushuka chini na ubao na penseli kukagua matumbawe, kuangalia yapi yapo hai, yapi yameshakufa na yapi yanaumwa. Hilo la kuumwa ndio lililonileta. Nimeandika kwa lugha ya kawaida makusudi ili mvuvi na mama wa mwani na kijana wa boti nao wasome wajue tunawaomba nini.

Kila tukikaa kwenye vikao kuzungumzia matumbawe yanavyokufa, mtu mmoja atasema mabadiliko ya tabianchi, wote wataitikia kwa kichwa, na hapo mazungumzo yamekwisha. Maana yake ni kwamba kosa ni la viwanda vya nchi kubwa na sisi hatuna la kufanya isipokuwa kusubiri fedha za msaada. Mimi sipingi kuhusu joto, joto ni kweli tena ni kweli kubwa. Maji yakizidi nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, na hali hiyo ikakaa kama wiki 4, matumbawe yanaanza kupauka, yani kupoteza rangi na kubaki meupe. Mwaka 1998 mwambao wetu wote uliona hilo, kuna miamba Kenya na Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai katika msimu mmoja. Ikaja 2016. Ikaja 2024, na Aprili mwaka huo shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, likatangaza kwamba dunia nzima imo kwenye kupauka kwa mara ya nne. Na mwisho wa 2021 ulitoka utafiti ulioongozwa na David Obura kutoka Mombasa, ukasema miamba ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yote, sio baadhi, ipo kwenye hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Hayo nayajua na ninyi mnayajua.

Lakini kuna kitu cha pili kinachoua matumbawe ambacho karibu hakitajwi kwenye vikao vyetu, nacho ni maradhi. Maradhi kabisa, ya bakteria na fangasi na vidudu vingine, kama maradhi ya watu na ya mifugo. Na haya sehemu kubwa yana mkono wetu wa karibu, sio mkono wa kiwanda cha mbali. Yanatoka kwenye choo, kwenye mtaro, kwenye plastiki, kwenye majani ya bahari tuliyoyang'oa. Haya mnayaweza.

Naomba nieleze kidogo tunaonaje tofauti chini ya maji, kwasababu wengi wanadhani kila tumbawe jeupe limepauka. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo sana wasioonekana kwa macho, hao ndio wanaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi mnyama anawatoa wale mwani na anabaki mweupe, lakini bado yupo hai, ukisogea karibu kabisa unaona nyama yake kama ukungu wa kioo juu ya mfupa, na maji yakipoa mapema anaweza kuwarudisha akapona. Maradhi ni tofauti. Maradhi yana mstari. Upande mmoja wa mstari nyama hai yenye rangi yake nzuri, upande wa pili mfupa mtupu mweupe, na nyuma zaidi mfupa umeshaanza kuota ukijani wa mwani kwasababu hapo pamekufa tangu wiki iliyopita au zaidi. Ukirudi baada ya siku kadhaa ule mstari umesogea. Kuna maradhi ya mkanda mweusi, yaliandikwa na wanasayansi mara ya kwanza 1973 kule Karibi na sasa yanajulikana bahari nyingi za joto, huo mkanda ni bakteria waliojikusanya na unaweza kutembea mpaka sentimita 1 kwa siku. Sasa tumbawe lile kubwa la mviringo, la aina ya jiwe, linakua kama sentimita 1 kwa mwaka. Yani siku moja ya maradhi inakula mwaka mzima wa kukua. Na kuna matumbawe huku kwetu yana umri kuliko nyumba za Mji Mkongwe.

Msiseme haya ni mambo ya Karibi. Mwanzoni mwa 2002 pwani ya Kenya ilitokea kitu ambacho nadhani wasimamizi wengi wa leo hawajawahi kuambiwa. Matumbawe ya aina ya Montipora na Astreopora na Echinopora yalianza kufa kwa kasi, nyama inageuka majivu inabanduka, na sio joto, mwaka ule haukuwa wa kupauka. Timu ya Tim McClanahan, ambae ameifanyia kazi pwani ya Kenya kwa miaka mingi sana, ilipopeleka vipande kwenye hadubini ikakuta nyuzi za fangasi ndani yake. Ndani ya miezi michache Montipora karibu ikaisha kwenye miamba mingi ya Kenya. Miezi michache! Na tulijua kwa bahati tu, kwasababu kulikuwa na watu ambao walikuwa wanahesabu miamba ile ile mwaka hadi mwaka, wakarudi wakaona pengo. Kama isingekuwa wao tungesema labda ni baruti, labda ni El Niño, na tungeendelea na shughuli zetu.

Sasa nije kwenye bomba.

Kuna utafiti wa Florida ambao kila ninapopata nafasi nauhadithia. Kulikuwa na tumbawe la matawi mapana, Acropora palmata, lilikuwa ndio mjenzi mkuu wa miamba ya Karibi, likaanza kutokwa mabaka meupe na kufa. Mwaka 2002 watafiti, Kathryn Patterson, ambae baadae alijulikana kama Kathryn Sutherland, na mwalimu wake James Porter na wenzao, wakamtaja bakteria anaehusika, Serratia marcescens. Huyu bakteria hospitali wanamjua vizuri, anakaa kwenye matumbo ya watu na anaambukiza wagonjwa. Lakini anapatikana pia kwa wanyama na ndege, kwahiyo ikabaki swali katoka wapi. Wakachukua sampuli za maji taka ya watu, wakachukua za swala wa visiwa vile, wakachukua za ndege, wakalinganisha. Aliyefanana na yule anaeua matumbawe akatoka kwenye maji taka ya watu. Wakaenda mbali zaidi, maabara, ndani ya matangi yaliyofungwa, wakampandikiza yule bakteria wa choo kwenye vipande vya tumbawe lisiloumwa, na vipande vikaugua kwa siku chache tu. Hiyo ilichapishwa 2011. Ni mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba kijidudu cha ugonjwa wa binadamu kinaweza kumuua mnyama wa baharini asie na uti wa mgongo. Mara zote tunaogopa wanyama watatuambukiza sisi, kumbe sisi ndio tumewaambukiza wao.

Hatujui kama huyo huyo yupo kwenye miamba yetu kwasababu hakuna anaemtafuta. Lakini njia ya kupitia ipo wazi kabisa. Mabomba ya zamani ya Mji Mkongwe yanajulikana yanakoishia. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliohusisha Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapa hapa Unguja, walipima maji na mimea ya bahari mbele ya mji, wakakuta alama za maji taka, nyingi karibu na mji na zinapungua kadri unavyokwenda mbali. Na sio habari mpya hata hiyo. Mwaka 1995 marehemu Profesa Adelaida Semesi na wenzake walishaandika, kutokana na kazi iliyofanyika hapa Zanzibar, kwamba ule mwani mgumu wa chokaa, ule mwekundu unaogandisha mwamba na ambao vitoto vya matumbawe vinapenda kutua juu yake, unapungua kadri unavyokaribia maji taka, na fosfeti iliyomo kwenye maji hayo ndio inaudumaza. 1995, waheshimiwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule saivi wana watoto wanaosoma skuli.

Na mji umekua. Sensa ya 2022 ilitupa Zanzibar watu 1,889,773, na mwaka 2024 wageni waliokuja walikuwa zaidi ya laki 7. Wote hawa wanakwenda chooni. Sisemi kwa kuchekesha, nasema kwasababu kwenye mipango ya utalii naona hesabu ya vitanda na hesabu ya ndege na hesabu ya dola, sijaona mahali imeandikwa kitanda kimoja kikiongezeka lita ngapi za maji taka zinaongezeka na zinakwenda wapi. Hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinategemea makaro ya choo, na ardhi ya kule ni jiwe la matumbawe la zamani, lina matundu matupu, kinachoingia kwenye karo bovu hakikai, kinapita chini kwa chini mpaka ufukweni. Mvua kubwa ya masika ikipiga mnajua wenyewe. Mitaro mikubwa iliyojengwa mjini imepunguza mafuriko mitaani, na wananchi tunashukuru kwa dhati, lakini mtaro unabeba kila kitu kilichomo njiani na mwisho wake ni bahari.

Kuna mtu ataniambia, basi hata tukisafisha maji itasaidia nini kama joto linakuja tu. Hili ndio swali muhimu kuliko yote na lina jibu, na jibu lake ndio sababu hasa ya barua hii. Rebecca Vega Thurber na wenzake walifanya jaribio huko huko Florida kuanzia 2009 mpaka 2012. Walichukua maeneo ya mwamba, mengine wakayawekea mbolea ya naitrojeni na fosforasi polepole kwa miaka 3, kiasi kile kile ambacho miamba iliyochafuka inapata, mengine wakayaacha kama yalivyo. Penye mbolea maradhi yakawa mara 2, na kupauka kukawa mara 3 na nusu. Someni tena hapo, kupauka! Maji ni yale yale, joto ni lile lile, bahari moja, lakini matumbawe yanayokula uchafu yanapauka zaidi kuliko jirani zake. Ni sawa na wagonjwa wawili wa homa, mmoja anapewa maji safi na mwengine anapewa maji ya mtaro, usishangae nani ataamka.

Alafu wakaacha kuweka mbolea. Wakarudi baada ya miezi 10. Hakukuwa na tofauti tena kati ya yaliyowekewa na yasiyowekewa.

Miezi 10. Hakuna kitu kingine kwenye habari nzima ya matumbawe kinachorudi haraka hivyo. Joto la dunia hata tukizima viwanda vyote kesho litachukua muda mrefu sana kushuka, lakini uchafu ukiuzuia mwaka huu basi kabla kipindi chenu cha uongozi hakijaisha mnaweza kuona tofauti na mkaionesha kwa wananchi. Natamani kila waziri na kila mkurugenzi alale na kuamka na namba hiyo.

Mambo mengine mawili nayo ni ya mkono wetu. La kwanza plastiki. Mwaka 2018 Joleah Lamb na wenzake walitoa matokeo ya miamba 159 ya Indonesia, Myanmar, Thailand na Australia, matumbawe zaidi ya 124,000 yaliyokaguliwa moja moja. Tumbawe lisiloguswa na plastiki uwezekano wake wa kuwa na maradhi ulikuwa asilimia 4, lililofunikwa na plastiki asilimia 89. Plastiki inakwaruza nyama, inaziba mwanga na hewa, na inabeba vijidudu. Hapa pia naomba nitoe heshima panapostahili, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mapema kabisa kabla ya wengi, Kenya ikafuata 2017, bara Juni 2019. Mifuko imepungua, hilo naliona kwa macho. Kinachobaki sasa chini ni chupa, vifungashio vya biskuti na sabuni, na nyavu. Nyavu zilizokatika ndio mbaya zaidi kwasababu zinajifunga kwenye matawi na kila wimbi likipita zinasugua.

La pili ni majani ya bahari, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndio kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Hoteli zinayaona uchafu, zinayang'oa ili mgeni akanyage mchanga mweupe. Juya linayaburuta yakang'oka na mizizi. Wanaotaka nafasi ya kamba za mwani nao wakati mwingine wanayafyeka. Sasa, yule yule Lamb na Drew Harvell wa Chuo Kikuu cha Cornell walikwenda visiwa vya Spermonde, Indonesia, visiwa vidogo vyenye watu wengi na visivyokuwa na mfumo wa maji taka, mfano wake mnaweza kuupata hapa kwetu bila kwenda mbali. Safari ya mwanzo watafiti wenyewe waliugua, waliharisha kwa amiba na mmoja wao akapata homa ya matumbo, na hapo ndipo wakajiuliza hivi huu uchafu unaotuumiza sisi unawafanya nini matumbawe. Wakapima. Penye majani ya bahari bakteria wanaoweza kuleta maradhi kwa watu na kwa viumbe wa bahari walikuwa nusu ya pale pasipo na majani, na miamba iliyokuwa jirani na majani ilikuwa na maradhi nusu ya miamba isiyo na majani. Ilichapishwa 2017. Yani Mungu ametuwekea chujio la bure kuanzia ufukweni mpaka kwenye mwamba, na sisi tunalipa watu waling'oe.

Hapa naomba wakina mama wa mwani wasinielewe vibaya. Wao ndio watu wa kwanza hapa kujua kwamba bahari inaumwa. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje, Jambiani, Bwejuu wanajua jinsi Cottonii, ile ya bei nzuri, ilivyoanza kugeuka nyeupe na kukatika kamba nzima, ikabidi wengi wabaki na Spinosum ya bei ndogo. Waliona wao kabla ya maabara yoyote. Mtafiti wetu Dk. Flower Msuya amefanya nao kazi miaka mingi juu ya hilo. Kama mngewauliza wao wangewaambia kwamba sehemu fulani maji yamebadilika tangu jengo fulani lijengwe. Hiyo nayo ni data, inataka mtu wa kuiandika tu.

Sasa niseme na jambo ambalo linaweza lisipendeze. Saivi kuna moto mkubwa wa kupanda matumbawe. Mnemba na sehemu nyingine kuna fremu za chuma chini na vipande vimefungwa vinakua, na vijana wanaofanya kazi ile nawaheshimu sana, ni kazi ngumu na wanaifanya kwa moyo. Lakini naona kupanda kunaanza kuchukua nafasi ya kuzuia. Viongozi wanaalikwa, picha zinapigwa, na hakuna anaeuliza maji ya pale yamepimwa lini. Ukipanda tumbawe kwenye maji machafu umelipeleka likaugue. Tena ukilipanda kwa kusongamana, aina moja, ubavu kwa ubavu, maradhi yakiingia yanatembea kwa raha. Mimi ningeomba iwe sheria kabisa kwamba hakuna ruhusa ya kupanda mpaka kuwe na kipimo cha maji cha mwaka mzima wa eneo lile, masika na kiangazi, na kikionesha kinyesi basi fedha ile ya kupandia ianze kurekebisha karo.

Na msiniambie haiwezekani kwa hoteli, kwasababu mfano upo kilomita kama 12 tu kutoka mjini. Kisiwa cha Chumbe. Mwamba ule ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na vibanda vya wageni vilivyojengwa pale vina vyoo vya mboji visivyotumia maji kabisa, maji ya kuogea yanachujwa kwenye vitalu vya mimea, maji ya matumizi yanavunwa kwa mvua. Wageni wanakuja, wanalipa, wanaondoka wameridhika, na hakuna tone la choo linaloingia baharini. Ni zaidi ya miaka 25 sasa wanafanya hivo. Kama sehemu ndogo iliweza miaka ya 90, hoteli ya vyumba 200 inayojengwa mwaka huu inashindwaje? Inashindwa kwasababu hakuna anaeilazimisha, basi.

Bara nako naomba wasikae pembeni. Dar es Salaam ina maeneo tengefu tangu 1975, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, yapo mbele ya mji wenye mamilioni ya watu na mito inayobeba kila kitu, Msimbazi ukiwa wa kwanza. Miamba ile imepigwa baruti miaka na miaka, na serikali ilipoamua kwa dhati kuanzia 2015 na 2016, vyombo vya usalama vikakaa pamoja na watu wa uvuvi, milipuko ilipungua sana. Mimi hilo nalichukulia kama ushahidi kwamba mkitaka mnaweza, maana watu walisema hivo hivo, kwamba baruti haiwezekani kuzuia, wavuvi ni wengi, bahari ni kubwa. Sasa mwamba ulioponea baruti usije ukafa kwa maji ya choo.

Kuna la bandari pia, nitalisema kwa ufupi. Mwaka 2014 karibu na Miami kulizuka maradhi mapya ya matumbawe magumu, yamekula aina zaidi ya 20 na yameenea nchi na visiwa vingi vya Karibi, wapiga mbizi wanapaka tumbawe moja moja dawa ya amoksilini ili kuliokoa, ndio, ile ile ya hospitali. Maji ya uzito ambayo meli inayanyonya bandari moja na kuyamwaga nyingine ni moja ya njia zinazoshukiwa. Mpaka sasa hayo ni maradhi ya upande ule. Bandari zetu zinapokea meli kila siku, kwahiyo ukaguzi wa maji hayo usiwe karatasi ya kugonga muhuri.

Ninachoomba hasa ni hiki. Ukaguzi wa matumbawe unaofanyika sasa unahesabu hai na mfu na samaki, ongezeni safu ya maradhi, aina gani, tumbawe gani, mstari umefika wapi, na urudiwe mara mbili kwa mwaka, mara moja mwisho wa kaskazi maji yakiwa yamepata joto, kama Machi na Aprili, na mara moja baada ya masika kumwaga uchafu wake. Haihitaji meli ya utafiti, inahitaji boti, mitungi, na vijana waliofundishwa, na vijana wapo, wamemaliza vyuo wanaendesha bodaboda. Taasisi ya Sayansi za Bahari na wenzao wa ZAFIRI na TAFIRI, taasisi za utafiti wa uvuvi za Zanzibar na bara, wapewe bajeti ya kudumu ya maabara ya vijidudu, ya serikali yetu wenyewe, maana sampuli inayosubiri mradi wa wafadhili inaoza kwenye friji. Makaro ya hoteli yakaguliwe kabla ya leseni kutolewa upya, na matokeo yatoke hadharani kwa jina la hoteli, sio yabaki kwenye faili. Majani ya bahari yapewe ulinzi kisheria kama mikoko ilivyopewa. Na mji upate mtambo wa kusafisha maji taka, hili najua ni fedha nyingi na halitaisha kwa mwaka mmoja, lakini lianze kwa tarehe, sio kwa neno mchakato.

Nimewahi kupeleka matokeo ya ukaguzi kwenye ofisi moja nikaambiwa ripoti ni nzuri sana, iachwe, itafanyiwa kazi. Sijaisikia tena. Simlaumu mtu kwa jina na sitaki mtu afukuzwe, nataka tu matokeo yasiwe mali ya droo. Mvuvi anaefuata changu na tasi kwenye mwamba wa Pange au Murogo ana haki ya kujua kama mwamba ule unaumwa kuliko mimi niliyesomea, kwasababu yeye mwamba ukifa hana ofisi ya kurudi.

Kwahiyo tuanze na kitu kidogo ambacho hakihitaji bunge wala baraza. Kabla kaskazi ijayo haijaingia, maji yapimwe kinyesi na fosfeti kuanzia mwisho wa bomba lililo mbele ya mji, kisha visiwa vya Chapwani, Changuu, Bawe, mpaka Chumbe, na namba zile zibandikwe pale diko la Malindi, wanaposhusha samaki wavuvi, kwa Kiswahili, zikiwa na tarehe na jina la aliyepima. Sisi wapiga mbizi tupo tayari kushuka kuchukua sampuli bila posho.

Wenu,
mtafiti wa matumbawe, Unguja